Kukaza bolti za injini ya pikipiki pale spana ya torki isipofika: mwongozo kamili

Bolti inayokatika zaidi kwenye injini zetu za cc 125 na 150 ni ile ndogo ya pembeni ya silinda, upande wa taiming cheni, iliyojibana kati ya mapezi ya bloku na bomba la fremu. Mkono mmoja tu ndio unaopita pale, nao unatoka umechubuka. Karibu kila anayeniletea bloku yenye kipande cha bolti kilichobaki ndani huwa na spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kuzungusha, yaani torki, na kulia *tik* ikifika namba uliyoweka), tena mpya, bado imo kwenye kasha lake. Kifaa anacho. Alichokosea ni ama namba, ama kipimo, ama urefu wa mpini. Mwongozo huu unapita kwenye hayo matatu kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Nimechukulia kwamba unarudisha hedi (kifuniko cha juu cha silinda) au bloku ya injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, yenye taiming cheni. Nyingi za namna hiyo zina nati nne za 8 mm juu ya hedi na bolti mbili za 6 mm pembeni. Njia zilezile zinafaa kwa bolti za tenshena (kikaza cheni) nyuma ya silinda, za shingo ya kabureta na za mota ya stata.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Spana ndogo ya torki, ya mraba wa robo inchi, inayopima kama Nm 5 hadi 25 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha torki). Ile kubwa ya magari, ya nusu inchi, mara nyingi huanzia Nm 28. Kwa bolti ya Nm 10 haina kazi.
- Soketi namba 8, 10, 12 na 14, pamoja na ekstensheni moja fupi na moja ndefu.
- Kichwa cha pembeni: kile kipande kifupi chenye mdomo wa spana upande mmoja na tundu la mraba upande mwingine, kinachochomekwa kwenye spana ya torki. Nunua cha namba 10 na cha namba 12. Chenye umbo la pete iliyokatwa kidogo kinashika vizuri kuliko cha mdomo wazi.
- Spana za pete za namba hizohizo, zenye shingo iliyopinda.
- Mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ya kupimia samaki au mabegi, na kamba ngumu isiyovutika.
- Rula au futi ya kupimia.
- Brashi ya waya, petroli kidogo, kitambaa kisichotoa nyuzi, mrija wa kunywea soda na oili safi ya injini.
- Rangi ya kucha. Matumizi yake yako mwishoni.
- Kitabu cha matengenezo cha pikipiki yako, au angalau ukurasa wake wa torki.

## Hatua ya 1: Tofautisha namba ya spana na unene wa bolti

Hapa ndipo bolti nyingi zinapofia. Kijana anayejifunza kwangu aliwahi kusoma jedwali kwa sauti, akageuza spana hadi 34, akaanza kuvuta. Nikamzuia.

"Bosi, imeandikwa milimita kumi, na spana niliyoshika ni ya kumi."

"Kumi ya spana ni upana wa kichwa. Kitabu kinasema unene wa uzi. Toa hiyo bolti upime."

Akapima: 6 mm. Angevuta mara tatu na zaidi ya inavyotakiwa, na bolti ingekatika kabla spana haijalia.

Kwa pikipiki za Kijapani na zilizoigwa humo, spana namba 8 hushika bolti ya 5 mm au ya 6 mm yenye kichwa kidogo. Namba 10 hushika ya 6 mm. Namba 12 hushika ya 8 mm. Namba 14 hushika ya 10 mm. Usikariri tu, pima uzi kwa rula.

Ukishajua unene, tafuta namba ya bolti hiyohiyo kwenye kitabu chako. Kama bolti haikutajwa peke yake, vitabu huwa na jedwali la jumla. La Honda, ambalo injini nyingi za bodaboda zimefuata nyayo zake, ni hili kwa bolti za kawaida:

- 5 mm: Nm 5
- 6 mm: Nm 10 (12 kama ni ya spana 10 yenye sahani iliyoungana na kichwa)
- 8 mm: Nm 22 (27 kama ina sahani)
- 10 mm: Nm 34 (39 kama ina sahani)

Nati za hedi usizichukulie humu. Zina namba yake, nayo inatofautiana injini kwa injini.

Angalia pia kipimo kilichotumika. Kilo-mita 1 (kgf-m, siyo kilomita ya barabara) ni karibu Nm 9.8. Futi-pauni 1 (ft-lb) ni karibu Nm 1.36. Spana nyingi zimechorwa vipimo viwili kwenye mpini mmoja, na anayesoma upande wa futi-pauni akidhani ni Nm anakaza zaidi kwa theluthi nzima. Kwenye alumini, theluthi hiyo inatosha kung'oa uzi.

## Hatua ya 2: Tengeneza nafasi kwanza

Kabla ya kutafuta ujanja wa spana, ondoa kinachozuia. Tangi litoke. Plagi itoke. Kabureta ivutwe pembeni na waya zake. Kama bolti iko chini ya bomba la juu la fremu, weka jeki na kibao cha mti chini ya injini, toa kishikio kinachofunga hedi kwenye fremu, kisha shusha injini taratibu sentimita chache.

Watu wanaona ni kazi ya ziada. Dakika kumi na tano za kutoa tangi ni ndogo kuliko siku mbili za kutafuta fundi wa kutoboa bolti iliyokatika ndani ya bloku.

Umefaulu kama soketi inakaa wima juu ya bolti na unaweza kuzungusha mpini angalau robo ya mzunguko bila kugonga kitu.

## Hatua ya 3: Safisha uzi na tundu

Torki haipimi moja kwa moja jinsi bolti ilivyobana. Inapima ugumu wa kuizungusha, na kwa bolti ya kawaida karibu sehemu 9 kati ya 10 za nguvu yako zinaishia kwenye msuguano wa uzi na wa chini ya kichwa. Kinachobaki ndicho kinachobana. Uchafu ukiongeza msuguano kidogo tu, spana italia huku bolti imelegea.

Piga bolti kwa brashi ya waya, osha kwa petroli, kausha. Tundu nalo lisafishe. Kama halikupenya upande wa pili, hakikisha hakuna oili wala maji yaliyotuama chini: ingiza mrija, ziba mdomo wake kwa kidole, vuta nje, rudia, kisha malizia kwa ncha ya kitambaa. Kimiminika hakibanwi. Bolti ikikikuta chini itasimama, spana italia, na kesi ya alumini inaweza kupasuka wakati wewe unajisifu umefika namba.

Sasa suala la oili. Fuata kitabu. Nati za hedi mara nyingi hutakiwa kupakwa oili ya injini kwenye uzi na pale zinapokalia, na namba iliyoandikwa imezingatia hilo. Bolti ambayo kitabu hakikusema ipakwe, ifunge kavu. Ukipaka grisi bolti ya kavu na kuivuta hadi namba ileile, umeibana kupita kiasi, hata kama spana imekuonyesha sawasawa.

Umefaulu kama bolti inaingia kwa vidole hadi karibu na mwisho. Ikigoma kwa vidole, usiisaidie kwa spana. Imeingia upande, au uzi umeumia.

## Hatua ya 4: Chagua njia ya kufikia

Ziko nne. Jaribu ya kwanza, na ikishindikana ndipo ushuke.

Njia A: ekstensheni iliyonyooka. Ekstensheni iliyosimama wima juu ya bolti haibadilishi namba, iwe ya sentimita tano au thelathini. Watu hupunguza wakidhani urefu unaongeza nguvu. Urefu unaoongeza ni wa mpini, siyo wa kwenda juu. Sharti ni moja: shika kichwa cha spana kwa mkono wa kushoto, ukikisukuma kielekee bolti, ili ekstensheni isilale.

Kiungo kinachokunjwa, kile cha msalaba, kiache kwenye boksi. Kikipinda kidogo sana hakina neno. Kikipinda sana namba hudanganya na soketi huruka.

Njia B: kichwa cha pembeni kwa pembe ya mraba. Pale ambapo soketi haiingii kutoka juu, chomeka kichwa cha pembeni kwenye spana ya torki kikiwa kimekaa kama herufi L dhidi ya mpini. Vuta mpini kwa pembe ya mraba. Kwa mkao huu namba haibadiliki: weka 10, utapata 10. Ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa zile bolti za pembeni ya silinda, maana haidai hesabu, na mtu aliyechoka saa kumi na mbili jioni hesabu humtupa.

Njia C: kichwa cha pembeni kilichonyooka na mpini. Wakati mwingine nafasi inakulazimisha kukinyoosha mbele. Hapo umerefusha mpini, na bolti inapata zaidi ya inavyosema spana. Punguza hivi:

Namba ya kuweka = torki unayotaka × M ÷ (M + K)

M ni urefu kutoka katikati ya mraba wa spana hadi katikati ya pale unaposhika. K ni kutoka katikati ya tundu la mraba la kichwa hadi katikati ya bolti.

Mfano: unataka Nm 22, M ni mm 300, K ni mm 30. Zidisha 22 kwa 300, gawanya kwa 330: unapata 20. Weka 20. Mfano wa bolti ndogo: unataka 10, M ni mm 180, K ni mm 25, unapata karibu 8.8.

Ona kwamba spana fupi inaathirika zaidi. Anayesema "tofauti ndogo, achana nayo" amezoea spana ndefu za lori. Na ukishapiga hesabu, shika palepale ulipopimia. Ukisogeza mkono nyuma sentimita tano, M imebadilika na namba yako si kweli tena.

Njia D: spana ya pete na mizani. Kuna sehemu ambazo hata kichwa cha pembeni hakipiti, bali spana ya pete tu. Wengi hapo hukata tamaa na kukaza kwa hisia. Hisia za mkono wa fundi ni nzuri akiwa amesimama sawa, na spana aliyoizoea. Akilala chali huku anavuta kwa ncha za vidole viwili, mkono huohuo unadanganya.

Torki ni nguvu mara urefu, basi. Funga kamba kwenye ncha ya spana ya pete, ining'inize kwenye ndoano ya mizani, vuta mizani kwa pembe ya mraba na spana. Kilo za kuvuta unazipata hivi:

Kilo = Nm × 10.2 ÷ urefu wa spana kwa sentimita

Urefu ni kutoka katikati ya bolti hadi kamba ilipofungwa. Kwa Nm 10 na spana ya sm 12: 10 × 10.2 ÷ 12, yaani kilo 8.5. Kwa Nm 22 na spana ya sm 20: kilo 11.2.

Kabla hujaiamini mizani, ipime. Ning'iniza dumu tupu uandike uzito, kisha tia lita 10 za maji uning'inize tena. Tofauti iwe kilo 10. Mizani ya betri inayoganda kwenye namba ya kwanza haifai. Tafuta inayofuata mvuto, au ya springi.

Shida ya njia hii ni kwamba mizani hailii. Mtu wa pili asome namba wakati wewe unavuta, na vuta polepole.

## Hatua ya 5: Ingiza zote kwa vidole, kisha kaza kwa awamu

Usimalize bolti moja kabla nyingine hazijaingia. Zote ziingie kwa vidole, kisha zikae kwa spana ndogo bila nguvu.

Nati nne za hedi zinakwenda kwa msalaba: ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, ya mbele kulia, ya nyuma kushoto, au mpangilio wa kitabu chako kama upo. Awamu ya kwanza nusu ya torki, ya pili robo tatu, ya tatu namba kamili. Ukibana upande mmoja hadi mwisho, hedi inakaa upande, gasketi inaumia, na utaona oili inachuruzika siku hiyohiyo unasema gasketi ilikuwa feki.

Bolti mbili za 6 mm za pembeni zinafuata mwisho, baada ya nati kubwa kufika namba. Ukianza nazo, utakuwa unatumia bolti nyembamba kuvuta hedi ikae, kazi ambayo si yake. Nyingi zinazokatika zilianza kuchoka hapo.

## Hatua ya 6: Mvuto wa mwisho

Shika katikati ya sehemu ya kushikia ya mpini. Vuta kwa mwendo mmoja mpole usiokatika, kama unavyovuta ndoo ya kisimani. Usipige kwa mshtuko. Ukisikia *tik*, na ukahisi mpini umelegea kidogo kiganjani, acha palepale.

Mara moja inatosha. Ile tabia ya kuliza spana mara tatu "kuhakikisha" inaongeza mkazo kila mara. Kwa torki ndogo *tik* yenyewe ni hafifu sana. Zima redio, na mwambie anayejaribu pikipiki nje azime kwanza. Mimi huwa nalegeza vidole karibu na namba ili niuhisi mpini kuliko kuusikia.

Sikiliza pia mwili wa bolti. Ikiwa nzima, kila unapozungusha kidogo inagoma zaidi. Ikianza kuzunguka bila kugoma zaidi, kama unakoroga uji, simama. Ama bolti inarefuka, ama uzi wa alumini unatoka. Itoe uitazame: shingo iliyokonda inamaanisha bolti ya kutupa, vipande vya alumini vilivyojisokota kwenye uzi vinamaanisha tundu linahitaji kutiwa uzi mpya wa chuma. Kazi hiyo ni rahisi mara kumi wakati bolti bado nzima kuliko ikishakatikia ndani.

## Hatua ya 7: Weka alama

Chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye hedi. Ninayotumia ni ya mke wangu, nyekundu, naye anajua. Mstari huo unakufanyia kazi mbili: unajua ipi umeshamaliza, na baada ya wiki unaona kwa macho kama bolti imezunguka, bila kuingiza mkono tena.

## Hatua ya 8: Baada ya kufunga

Ukishakaza hedi, pima nafasi ya vali upya injini ikiwa baridi, maana kubanwa kwa hedi kunaisogeza. Kisha rudisha kila kitu, washa, iache ipate moto, zima.

Usikaze chochote injini ikiwa ya moto. Alumini inapanuka kuliko chuma, na bolti ya moto tayari imevutwa. Ngoja ipoe kabisa, pitisha tochi kwenye kiungo cha hedi na bloku, tazama mistari yako. Pakavu na mistari imenyooka, kazi imekubali. Kukaza tena baada ya kilomita kadhaa fanya tu kama kitabu kinasema.

## Kuhusu spana yenyewe

Usifungulie bolti kwa spana ya torki. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa iliyochorwa, siyo chini ya hapo, ili springi ipumzike. Usiitumie kwenye sehemu ya chini ya kipimo chake: kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinadai spana ya kulia isikosee zaidi ya asilimia 4, au 6 kwa zile za Nm 10 kushuka, lakini kuanzia asilimia 20 ya uwezo wake kwenda juu.

Ukitaka kujua kama yako bado inasema kweli, bana mraba wake kwenye vaisi, mpini ulale sawa na ardhi, ning'iniza kilo 5 kwenye sm 20 kutoka katikati ya mraba. Hiyo ni Nm 9.8, ukiongeza kidogo kwa uzito wa mpini wenyewe. Iweke kwenye 9 inapaswa kulia. Iweke kwenye 12 inapaswa kunyamaza. Niliwahi kununua moja barabarani iliyolia kwenye zote mbili, na kwenye 20 pia. Sasa hivi inashikilia mlango wa gereji usijifunge.